Mali ya Yatima na Shilingi Inayopungua

 

Katika darasa letu liliulizwa suala hili. Mtu amefariki, ameacha watoto wadogo na shilingi 3,000,000. Ndugu yake akawa walii wao. Kwa kuogopa riba hakuiweka benki, na kwa kuogopa hasara hakuifanyia biashara. Aliifungia sandukuni miaka kumi, akatoa zaka yake kila mwaka, na watoto akawalisha kwa mali yake mwenyewe. Walipobaleghe aliwakabidhi yote iliyosalia mbele ya mashahidi. Je, ametimiza amana?

Hapana shaka kuwa mtu huyu ni mcha Mungu, hakula hata senti moja. Lakini natuhisabu. Zaka ya asilimia 2.5 kwa miaka kumi huzifanya shilingi 3,000,000 zisalie kama 2,329,000. Na tukikadiria kuwa bei za vitu zilipanda asilimia 5 kila mwaka, nayo ndiyo kadiri ambayo Benki Kuu ya Kenya imewekewa na Serikali kuwa shabaha yake, basi fedha zile hununua leo kile kilichonunuliwa kwa 1,430,000 siku alipokufa baba. Zaidi ya nusu imekwenda! Kufuli halikuvunjwa wala mwizi hakuingia. Basi ni nani aliyekula?

FEDHA HUPUNGUAJE?

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Mwaka 808 Hijria (1405) mwanachuoni wa Misri, Taqiyuddin al-Maqrizi, aliandika kitabu juu ya njaa na ughali wa zama zake. Hakuridhika kusema kuwa ni mto Nile tu uliopungua. Alitaja sababu tatu: vyeo kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa, na fulusi za shaba kuenea mpaka dirhamu za fedha zikapotea sokoni. Watawala walitengeneza fulusi nyingi kwa kuwa zina faida kwao. Na kila zilipozidi, thamani yake ikashuka.

Yaliyotokea Misri yametokea na kwetu. Mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi, fedha nyingi zilimwagwa nchini. Na mwaka 1993 bei zilipanda kwa takriban asilimia 46. Aliyekuwa na shilingi 100 sandukuni alibaki na nguvu ya kununua ya shilingi 68 na nusu.

Tena liko deni. Februari 2024 Serikali ilikopa nje dola bilioni 1.5 kwa riba ipitayo asilimia 9, ili ilipe sehemu ya deni la dola bilioni 2 la mwaka 2014, ambalo riba yake haikufika asilimia 7. Yaani deni la kale limelipwa kwa deni jipya lenye riba kubwa kuliko la kwanza. Mzigo huo huwarudia raia katika ushuru na katika bei. Na shilingi ikishuka, deni la dola huzidi uzito: mwaka 1966 dola moja ilikuwa kama shilingi 7, Januari 2024 ilipita 160, kisha mwaka huo huo ikarudi karibu na 130. Ni nani aliyeyajua hayo mapema? Kwa hiyo mwenye akili hajengi mambo yake juu ya utabiri, bali hujiweka katika hali ambayo ikipanda haimtii kiburi na ikishuka haimwangamizi.

WANAVYUONI WAMESEMAJE?

Imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa aliamrisha mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zisimalizwe na zaka. Na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa ni juu ya walii, akiweza, kuikuza mali ya yatima kwa kadiri isiliwe na matumizi. Wakaona kununua jengo au ardhi ni bora kuliko biashara, maadamu mapato yake yatosha na haichelewi kuharibika. Na wakamkataza kuipandisha baharini kwa kuchelea gharika.

Tazama mizani hiyo: wamekataza kuilaza, na wamekataza kuihatarisha. Yule walii alishika la pili akaliacha la kwanza. Ikiwa yampasa kulipa au haimpasi, hiyo ni hukumu ya kadhi. Sisi twasema hivi: amana si hisabu ya noti tu.

Pengine mtu atasema: “Basi natuweke benki tupate riba, maadamu shilingi inapungua.” Twamjibu: kupungua kwa shilingi hakuhalalishi alichokiharamisha Mwenyezi Mungu na akatangaza vita kwa mwenye kukishika. Tena tangu mwaka 2008 ziko Kenya benki zinazofanya kazi kwa misingi ya sharia, basi udhuru huo umepungua.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, lipa deni kabla ya kutafuta faida, khasa mikopo ya simu. Mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukirudiwa mwaka mzima, ni kama asilimia 90. Hakuna biashara ya halali ya kutegemewa itakayokulipa hayo.

Pili, weka taslimu ya matumizi ya miezi michache tu. Hiyo ni akiba ya dharura, si rasilmali.

Tatu, iliyozidi itie katika vitu vyenye kuzaa: chumba cha kupangisha, shamba lenye hati iliyohakikishwa katika ofisi ya ardhi, au mudharaba na mfanyabiashara mwaminifu. Dhahabu huhifadhi thamani kwa muda mrefu, lakini haizai, na bei yake hupanda na kushuka.

Nne, usitie yote pahala pamoja. Na mapatano yaandikwe na yashuhudiwe, hata kama ni baina ya ndugu.

Tano, mkimbie anayekuahidi faida maalumu kila mwezi na rasilmali isiyopotea. Huyo ama anakupa riba, ama anakulipa kwa fedha za mjinga mwenzako.

Enyi ndugu zetu, wangapi katika miji yetu wameshika mali za mayatima na wajane? Kila mmoja nalifungue sanduku lake leo, ahisabu, atake shauri kwa wajuao fikihi na wajuao soko. Yatima hawezi kutudai sasa, lakini ipo siku atadai.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kutunza amana. Amin.