Antena ya Televisheni: Kuichagua na Kuifunga

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na maeneo mengine kufuata kwa awamu, swali moja halijaacha kutufikia: mbona king'amuzi ni kizima, televisheni ni nzima, na bado picha inaganda? Mara nyingi tatizo lipo juu ya paa.

Enzi za analojia, mawimbi yalipopungua picha ilijaa chenga, lakini taarifa ya habari iliweza kutazamika. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha huwa safi. Yakishuka chini ya kiwango, picha hukatika vipande, huganda, kisha hutoweka. Antena iliyofungwa kwa kubahatisha hushindwa pale tu upepo unapoitikisa.

Dukani utaonyeshwa boksi lililoandikwa “antena ya dijitali”. Maneno hayo yasikuongezee bei. Antena haitambui analojia wala dijitali, inapokea masafa. Matangazo ya dijitali ya mitambo ya ardhini hurushwa katika masafa ya UHF, hivyo antena yako ya zamani ya UHF, ikiwa nzima, bado inafaa. Hakikisha pia kwamba king'amuzi unachonunua ni cha antena, si cha dishi.

Antena ya ndani huweza kumtosha aliye karibu na mnara wa kurushia matangazo, ingawa bati na kuta nene hupunguza mawimbi. Aliye mbali anahitaji ya nje, yenye vijiti vingi. Ifunge juu, mahali pasipozibwa na miti au ghorofa, upande wa vijiti vifupi ukielekea kwenye mnara. Tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri: zimeelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama? Vyako viwe vivyo hivyo.

Kisha fungua menyu ya king'amuzi inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Mmoja abaki ndani akisoma, mwingine azungushe antena kidogo kidogo, akisubiri sekunde chache kila mara. Fuateni ubora zaidi ya nguvu. Mawimbi yanaweza kuwa na nguvu na bado yakawa yamechafuka, na hapo ndipo wengi hukimbilia busta. Busta hukuza kila kinachoingia, uchafu ukiwemo. Isaidie tu pale waya ni mrefu au mnara uko mbali, nayo ifungwe karibu na antena, si nyuma ya televisheni.

Tumia waya wa antena wa ohm 75 usio na viungo vingi. Kabla haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje.

Jambo lisilo na mjadala ni umeme. Bomba la chuma likigusa nyaya za umeme huua, na mwanzi mbichi si salama. Simika mlingoti mahali ambapo hata ukianguka wote hautafikia nyaya hizo, na usipande paani wakati wa radi. Ukiegemea waya, usiuguse; waondoe watu na uite shirika la umeme.

Ukimtumia fundi, mlipe baada ya kupitia chaneli zote pamoja naye, na udai risiti.