Farasi Anapolala Banda la Kulipia: Mambo ya Kumwandikia

Wenye farasi wengi jijini Nairobi hawaishi nao. Farasi hulala kwenye mabanda ya kulipia ya Karen au Lang'ata, mwenyewe akaja jioni au Jumamosi, na muda wote uliobaki mnyama yuko mikononi mwa saisi. Saisi ndiye anayefungua mlango alfajiri. Ndiye atakayeona kwanza kwamba nyasi za usiku hazijaguswa. Kwa hiyo karatasi ya maelezo ya farasi huandikwa kwa ajili yake kabla ya mwenye banda na kabla ya daktari wa mifugo, tena kwa lugha anayoisoma bila kukwama. Kama mtu wa zamu anasoma Kiswahili, Kiingereza cha kitabibu hakitamfaa kitu saa nane za usiku.

Utambulisho usikuchukulie muda mrefu: jina, umri, jinsia, rangi, alama nyeupe za usoni na miguuni, namba ya chipu kama anayo, na picha za pande zote nne. Simu yako na ya daktari ziandikwe kwa tarakimu kubwa juu kabisa.

Kazi yenyewe ni kuieleza hali yake ya kawaida. Farasi mzima mwenye afya, akiwa amepumzika, huwa na joto la nyuzi 37.2 hadi 38.3 za Selsiasi, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, naye huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Hivyo ni viwango vya farasi kwa jumla. Wako ana vyake. Mpime asubuhi kadhaa kabla hajatolewa kufanya kazi, uandike unachokipata. Mapigo utayasikia kwa vidole kwenye mshipa unaopita chini ya taya. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Farasi ambaye siku zote moyo wake hupiga mara 32 akikutwa na 48 akiwa amesimama tu, saisi ajue pale pale kwamba kuna jambo, hata kama jasho halijatoka.

Ongeza tabia zake. Je, hulala mchana? Humaliza ndoo ya maji au huacha nusu? Hugaagaa kila akivuliwa tandiko? Haya yana uzito kwa sababu ya msokoto wa tumbo, ambao huua farasi duniani kote. Farasi hawezi kutapika. Kinachomsumbua tumboni hakina njia ya kurudi juu. Akiparapara chini kwa kwato, akigeuka kutazama ubavu wake, akikosa kunya, akikataa chakula, daktari aitwe mara moja na saa iandikwe. Saisi anayejua kwamba farasi huyu hagaagai kamwe bandani hatapoteza saa nzima akisubiri aone.

Chakula kiandikwe kwa kilo. Kopo la oti na kopo la pumba havina uzito sawa, na kila banda lina kopo lake. Pima mara moja kwa mizani, uandike kilo ngapi asubuhi na ngapi jioni, nyasi kavu za aina gani, lusani kiasi gani. Kama banda jipya linalisha vingine, mabadiliko yaende polepole kwa siku 7 hadi 10. Uzito wa farasi mwenyewe unaweza kuukadiria kwa utepe wa fundi cherehani: zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 160 hutoa kilo 436 hivi. Bila uzito, dozi ya dawa ya minyoo ni ya kubahatisha.

Sasa jambo ambalo ningependa liandikwe kwa wino mwekundu, hasa banda likiwa kwenye shamba lenye ng'ombe na kuku. Amitrazi, dawa ya kupe ambayo wafugaji wetu wengi huwaogeshea ng'ombe, haimfai farasi: inaweza kuzuia matumbo yake yasifanye kazi. Na baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe huwekwa monensini, ambayo hata kwa kiasi kidogo huharibu moyo wa farasi na kumuua. Mtu mwema anayemwogesha farasi sambamba na ng'ombe kwa kumhurumia anaweza kumpoteza. Andika: "Dawa ya kupe ya ng'ombe, hapana. Chakula cha kuku au cha ng'ombe, hapana."

Chanjo ziwe na tarehe, namba ya toleo na jina la daktari: pepopunda, kichaa cha mbwa, na kwa huku kwetu, ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake viko vya aina 9 na huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi tangu machweo hadi alfajiri, na huongezeka baada ya mvua. Karatasi ieleze kwamba aingizwe bandani kabla jua halijazama. Homa kali, kupumua kwa shida, povu puani au kuvimba kwa vibonyeo vya juu ya macho hakungoji asubuhi.

Dawa huleta hatari nyingine: zamu zinapobadilishana, watu wawili wanaweza kumpa dozi moja mara mbili. Fenilbutazoni ikizidi huchoma tumbo na figo. Fluniksini huficha maumivu, daktari akaja akakuta farasi anayeonekana ametulia. Weka jedwali lenye tarehe, saa, dawa, kiasi na sahihi ya aliyetoa. Acha pia nafasi ya saisi kuandika anachokiona yeye, maana macho yake ndiyo yaliyo karibu.

Na uamuzi. Usipopatikana kwenye simu, nani anaruhusiwa kumwita daktari, na kwa gharama ya hadi shilingi ngapi? Je, unakubali farasi afanyiwe upasuaji? Ikithibitika kwamba hatapona, nani aseme apumzishwe? Andika, utie sahihi, umpe nakala mwenye banda. Ni ukatili kumwacha saisi amshikilie mnyama anayeteseka huku simu ya mwenyewe ikiita bila kujibiwa.

Siku ya kumchukua, kaeni pamoja na saisi mlipitie jedwali. Likague hasa kwa tarehe ya mwisho ya dawa ya minyoo na ya kutengenezwa kwato, ulipige picha, kisha ndipo umpandishe farasi kwenye gari.