Mafuta Yakivuja Ardhini: Jinsi Udongo na Maji ya Visima Vinavyochunguzwa na Kusafishwa

Mnamo Mei 2015, wakazi wa Thange, eneo la Kibwezi, Kaunti ya Makueni, waligundua mafuta katika mto wao. Yalikuwa yamevuja kutoka kwa bomba la Mombasa–Nairobi lililoanza kutumika mwaka wa 1978. Mto huo ulitegemewa kwa maji ya nyumbani, mifugo na kunyunyizia mashamba. Julai 2025, miaka 10 baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Makueni iliagiza wakazi walipwe fidia ya takriban Sh3.8 bilioni.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba bomba linaweza kuzibwa kwa muda mfupi, ilhali mafuta yaliyokwisha kuingia ardhini hubaki kwa miaka. Tangi la kituo cha petroli, gereji au jenereta likivuja, hali huwa ni hiyo hiyo.

Mafuta husafiri vipi?

Mafuta huteremka polepole kati ya chembe za udongo, na kiasi fulani hunasa njiani. Yanayobaki hushuka hadi yakutane na maji yaliyo chini ya ardhi. Hapo huelea, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 750 na ya maji ni gramu 1,000.

Sehemu ndogo ya mafuta huyeyuka na kufuata mkondo wa maji hayo hadi kwenye visima. Miongoni mwa vinavyoyeyuka ni benzini, kemikali ya ndani ya petroli inayoweza kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa kiwango hicho, gramu moja tu inatosha kuharibu lita 100,000.

Uchunguzi

Kwanza, chanzo hutafutwa. Wataalamu hulinganisha mafuta yaliyoingia kwenye tangi na yaliyouzwa, hukagua mabomba, na huwauliza majirani ni lini harufu ilianza.

Pili, udongo huchimbuliwa katika vina mbalimbali. Sampuli hufungwa upesi kwenye chupa za kioo na kuwekwa kwenye baridi, kwani petroli ikipata hewa huruka na majibu ya maabara hupotosha.

Tatu, huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu. Kina cha maji kikipimwa katika visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, hujulikana maji yanaelekea wapi, na hivyo ni visima vya nani vilivyo hatarini. Kisima kimoja hakiwezi kutoa jibu hilo.

Kusafisha

Kazi huanza kwa kuziba uvujaji. Mafuta yanayoelea hunyonywa kwa pampu na kuhifadhiwa kando. Udongo ulioloa sana hufukuliwa na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Kuusambaza barabarani au shambani ni kuhamisha tatizo.

Udongo uliosalia unaweza kutibiwa kwa msaada wa bakteria wanaokula mafuta. Hurundikwa juu ya karatasi nzito ya plastiki, ukapewa hewa, unyevu na mbolea yenye naitrojeni na fosforasi. Mvuke wa petroli unaweza pia kuvutwa kutoka ardhini kwa mashine. Baada ya hapo maji hupimwa mara kwa mara, misimu ya mvua na ya kiangazi, kwa kuwa kina cha maji kikipanda au kushuka, mafuta yaliyonasa yanaweza kuachiliwa tena.

Mkazi afanye nini?

- Maji yakinuka mafuta au yakiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, acha kuyanywa, kuyapikia na kuyanyweshea mifugo.
- Usiyachemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hujaza jikoni mvuke wenye sumu unaoweza kushika moto.
- Usitupe kiberiti ndani ya kisima kupima kama kuna mafuta.
- Usichote mafuta yaliyomwagika. Septemba 2011, moto wa mafuta yaliyovuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, uliwaua takriban watu 100.
- Andika tarehe, piga picha, kisha umjulishe chifu, afisa wa afya ya umma, ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira inataka anayechafua agharamie usafishaji. NEMA inaweza kumwamuru airejeshe ardhi katika hali yake. Hata hivyo, amri hiyo huhitaji ushahidi, na mara nyingi ushahidi wa kwanza ni wa jirani aliyesikia harufu na kutoa taarifa siku hiyo hiyo.