KWENDA HIJA KWA MIGUU: HUKUMU YAKE NA MATAYARISHO YAKE

Katika darasa letu la Nuu tumeulizwa swali ambalo jawabu yake yawafaa wengi: Kijana mwenye nguvu, asiye na nauli, ataka kuweka nadhiri ya kwenda Makka kwa miguu. Je, taabu hiyo itamzidishia thawabu?

Twasema, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: Kwenda Hija kwa miguu si haramu wala si jambo geni. Katika Sura ya Hajj, aya ya 27, wametajwa waendao kwa miguu kabla ya waliopanda. Lakini Mtume (S.A.W.) alihiji mwaka wa 10 wa Hijra hali amepanda ngamia, kwa hivyo Imamu Nawawi amesahihisha, katika madhehebu yetu ya Shafi, kuwa kupanda ni bora.

Tena, aliye karibu na Makka chini ya marhala mbili, naye aweza kutembea, hana udhuru kwa kukosa kipando. Ama sisi watu wa Nuu tu mbali mno: asiye na nauli hakulazimishwa, wala hana dhambi.

Ama nadhiri, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akienda huku ameshikiliwa na wanawe wawili, kwa kuwa ameweka nadhiri ya kutembea. Mtume akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu kujiadhibu, akamwamrisha apande. Basi aliyeweka nadhiri naye aweza, na atimize. Akishindwa kwa udhuru, apande, na juu yake ni kuchinja. Heri kuuzuia ulimi mapema.

Wako wasemao: "Nitatoka tu, Mungu atanilisha." Neno hili ni la kale. Watu wa Yaman walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakijiita wenye kutawakali, na wakifika Makka huomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Al-Baqara, ikaamrisha kuchukua masurufu, na bora yake ni ucha Mungu. Wazee wa Ukambani waliopeleka pembe za ndovu Mombasa kwa miguu, katika karne ya 19, walikwenda kwa misafara, si mmoja mmoja. Ikiwa biashara ilitengenezewa hivyo, seuze ibada?

Na madhara tumeyaona. Katika Hija ya 2024, serikali ya Saudia ilitangaza kuwa walikufa watu 1,301. Na 83 katika kila 100 hawakuwa na ruhusa, wakatembea masafa marefu juani bila ya kivuli.

Basi matayarisho ni haya. Kwanza, lipa deni. Pili, waachie watu wako nafaka mpaka utakaporudi. Auzaye mbuzi wote wa nyumba, akawaacha watoto na ukame, ameacha faradhi iliyo mlangoni akafuata isiyomlazimu. Tatu, weka akiba kidogo kidogo, na ushike ruhusa mkononi. Nne, jifunze manasiki na uizoeze miguu: kusai baina ya Safa na Marwa ni zaidi ya kilomita 3, na kutoka Makka mpaka Arafa ni kama kilomita 20. Huko ndiko miguu itakakohitajiwa.

Na aliyebaki Nuu kwa kukosa uwezo, akilipa deni lake na kulea wanawe, yumo katika utiifu. Thawabu ni kwa kufuata amri, si kwa wingi wa malengelenge.

Wallahu aalam.