Kunguru shambani: tumfukuze au tumwache?

Swali: Shambani kwetu Bagamoyo kunguru wananimalizia vifaranga. Babu anasema tusiwaguse, wanasafisha mazingira. Nimsikilize?

Jibu: Ndugu, kwanza mtazame kunguru kifuani. Mwenye kifua na shingo nyeupe ni kunguru wetu wa asili. Hata yeye hudokoa kifaranga, lakini hula panzi na viwavi wengi, mwache.

Mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka za mji, na taka anakula kweli. Hapo babu hakukosea. Ila hula pia mahindi, mayai na makinda ya ndege wengine, na pwani anawafukuza ndege wetu. Huyu simtetei hata kidogo.

Sumu usiitege mwenyewe: itaua mwewe, paka na kuku wako. Waachie wataalamu wenye kibali. Fukia matumbo ya samaki na makombo, maana chakula cha bure ndicho kinachomzidisha. Viota viangushe kabla mayai hayajaanguliwa. Na vifaranga wakae bandani hadi wakomae kidogo, banda liwe na wavu hadi juu.