Kutoboa Ukuta wa Zege

Ubao mzito wa kuandikia ukitundikwa darasani, uzito wake wote huchukuliwa na parafujo chache tu. Tundu la ukutani likipotoka, parafujo haishiki vema, na ubao waweza kuwaangukia wanafunzi walio chini yake. Kwa hiyo fundi mwema hutaka kila tundu liwe pale pale alipolikusudia.

Mti laini hutobolewa kwa urahisi, lakini zege ina hila yake. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, ulioshikamana ukawa kama jiwe. Walakini ugumu wake si sawa kila mahali. Kokoto huwa ngumu kuliko saruji na mchanga unaozizunguka. Ncha ya keekee ikigusa ubavu wa kokoto huteleza, ikafuata upande ulio laini. Hivyo tundu huhama kabla fundi hajatambua.

Dawa yake ni hii. Kwanza, fundi hupima, akaandika msalaba mwembamba kwa kalamu ya risasi. Mistari yake huwa mirefu kuliko upana wa tundu. Maana keekee ikianza kula ukuta, kati ya msalaba hupotea, bali miisho ya mistari hubaki kumwonyesha kama tundu lingali mahali pake. Pili, hupiga pale kati kwa tindo na nyundo, apate kishimo cha kuishika ncha. Tatu, hutia ncha nyembamba, kama ya milimita 5, akaizungusha polepole, wala keekee isiinamie upande wo wote. Akiona tundu linahama, husimama, akaivunja kokoto kwa tindo, ndipo aendelee. Mwisho hulipanua tundu kwa ncha ya milimita 8.

Yakitakiwa matundu mawili yaliyo sawa, hayatobolewi yote pamoja. Fundi hutoboa la kwanza, akatia kizibo na parafujo, akautundika ubao pasipo kuukaza. Kisha huulinganisha kwa pimamaji, akatia alama ya pili kwa kupitia tundu la ubao wenyewe. Hivyo kosa dogo la tundu la kwanza halizai kosa jingine.

Tena imempasa kujihadhari. Ndani ya zege mara nyingi zimo nondo za chuma. Ncha ikikataa kwenda mbele, na vumbi likametameta, huacha, akachagua mahali pengine. Kwa kuwa nondo ndizo zinazoitia zege nguvu. Juu na chini ya swichi ya taa hatoboi, maana huenda nyaya za umeme zimepita humo, na umeme huua. Hukinga macho, pua na kinywa, kwa kuwa vumbi la zege hudhuru mapafu.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kupima na kuanza ndiko kunakotaka saburi. Hesabu mbaya hufutika ubaoni, lakini tundu baya halifutiki ukutani. Maji yakimwagika hayazoleki.

MASWALI
1. Kwa nini ncha ya keekee huteleza katika zege?
2. Mistari ya msalaba huandikwa mirefu kwa sababu gani?
3. Fundi afanye nini ncha ikigonga nondo?