Sayansi: Nyota Changa Hukua kwa Kutupa

Leo tutasoma habari za kuzaliwa kwa nyota. Wengi wetu tunadhani nyota zimekuwa vile vile tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Nyota huzaliwa, hukua na hufa. Hata usiku wa leo ziko nyota zinazozaliwa. Pahali pamoja zinapozaliwa tunaweza kupaona kwa macho yetu kutoka hapa Ikuti.

Ngojeni mwezi wa Februari, usiku mawingu yakifunguka. Tokeni nje kati ya saa mbili na saa tatu. Tazameni juu, karibu na utosi. Mtaona nyota tatu zenye kung'aa, zimepangana mstari. Kundi lake huitwa Orioni, nalo hufuata nyuma ya Kilimia. Kusini ya hizo tatu ziko nyingine tatu, hafifu zaidi. Ya katikati itazameni vizuri. Inaonekana kama imefunikwa na moshi.

Ule si moshi. Ni wingu la gesi na vumbi. Mwanga wa jua hutumia dakika 8 tu kufika kwetu, lakini mwanga wa wingu lile husafiri miaka 1,350 hivi. Na nyuma ya wingu tunaloliona liko jingine, zito na jeusi. Humo ndimo nyota zinamozaliwa.

Zinazaliwaje? Gesi ya wingu huvutana yenyewe kwa yenyewe, ikajikusanya katikati. Lakini wingu lina mzunguko wake, na kadiri linavyojikusanya ndivyo linavyozunguka kwa kasi. Mtoto anayezungusha jiwe kwa kamba anajua jambo hili: jiwe likizunguka, halimwangukii mkononi. Basi gesi nayo haianguki moja kwa moja. Hubaki inazunguka, imetandazika kama ungo, na nyota changa iko katikati ya ungo.

Hapo pana tatizo. Gesi ikizunguka tu bila kuanguka, nyota itakula nini? Kumbe nguvu za sumaku hukamata sehemu ya gesi hiyo na kuirusha nje. Fikirini gurudumu la baiskeli lililolazwa chini. Gesi hutoka kufuata ekseli, juu na chini. Inapotoka huondoka na sehemu ya ule mzunguko. Gesi iliyobaki hupungukiwa mzunguko, ikaanguka kwenye nyota. Kwa hiyo nyota inakula kwa sababu inatupa. Na ile inayotupwa husukuma gesi nyingine ya wingu iliyo mbele yake, kama upepo unavyosukuma ukungu bondeni.

Sasa mtauliza: nani ameyaona haya, ikiwa wingu ni jeusi? Hayakuonwa kwa macho. Yalisikiwa kwa redio. Kila aina ya gesi ina masafa yake, kama stesheni ya redio. Gesi iliyo nyingi katika wingu ni haidrojeni, lakini ikiwa ya baridi huwa kama bubu. Inayosema ni kaboni monoksaidi. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa Marekani, Wilson, Jefferts na Penzias, waliipata stesheni yake kutoka Orioni. Gesi ikija upande wetu, stesheni hupanda kidogo. Ikienda mbali, hushuka. Ni kama honi ya lori: likija sauti ni nyembamba, likishapita sauti ni nene. Mwaka 1976 ndipo ilipojulikana kwamba ndani ya Orioni iko gesi inayokimbia kwa kasi sana.

Tusimame kidogo kwenye gesi hii, maana tunayo majumbani. Kaboni monoksaidi ndiyo ile itokayo kwenye jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu. Baridi ya Juni na Julai ikibana, mtu huingiza jiko ndani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Gesi huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Wako watu waliolala hivyo na hawakuamka. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. (Msiichanganye na gesi inayovunwa ardhini upande wa Kyejo. Ile ni kaboni dayoksaidi, inayotiwa katika soda. Nayo ikijikusanya mahali pa bondeni huua, lakini ni gesi nyingine.)

Turudi kwenye nyota. Nyota kubwa, zenye uzito unaozidi mara 8 ule wa jua letu, zilisumbua sana vichwa vya wataalamu. Nyota ya namna hiyo huanza kuwaka kabla haijamaliza kula. Mwanga wake ni mkali hata unasukuma gesi na vumbi nje. Sasa itaongezaje uzito? Kwa hesabu hiyo nyota kubwa zisingekuwapo, na bila hizo tungepungukiwa na mengi. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla jua letu halijakuwapo.

Mwaka 2005 wataalamu Krumholz, McKee na Klein walitoa hesabu zao. Fikirini sufuria ya ndizi iliyofunikwa majani ya mgomba. Pasipo tundu, mvuke huinua majani yote. Pakiwa na tundu, mvuke hupita hapo na majani hutulia. Gesi iliyorushwa juu na chini huacha matundu katika wingu. Mwanga mkali hupita humo, na gesi ya pembeni huendelea kuingia. Kwetu sisi, hii ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote.

Si kila mara mambo huenda kwa utaratibu. Mwaka 2017 ilitolewa picha ya lile wingu la Orioni, iliyopigwa kwa ALMA, darubini za redio 66 zilizoko Chile. Ziko kwenye mita 5,000. Mlima Rungwe haufiki 3,000. Huko hewa ni kavu. Katika ukungu wetu zisingesikia kitu, maana mvuke wa maji humeza mawimbi hayo. Picha ilionyesha gesi imechanuka pande zote, kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Tukuyu hadi Mbeya ni nusu sekunde. Wataalamu wanaeleza kuwa nyota changa zilisogeleana mno, zikarushana kwa mlipuko. Kwa tunavyouona sisi, ulitokea miaka 500 hivi iliyopita. Ongezeni ile miaka 1,350 ya safari ya mwanga.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Kwa nini gesi inayozunguka haianguki kwenye nyota?
Matundu katika wingu humsaidiaje nyota mkubwa kukua?
Nyumbani kwenu, jiko la mkaa hulala wapi wakati wa baridi?